Kabla hujaiamini programu ya bakapu, iambie ikurudishie kitu

Mwezi uliopita mwalimu wangu wa hesabu, siku hizi mstaafu, aliingia dukani kwetu Uyole na laptopu ameifunga kwenye shuka la kimasai kama mtoto mchanga. Ilikuwa asubuhi ya ile baridi ya Mbeya ambayo mtu anaongea huku mvuke unamtoka mdomoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, hiki chombo kinalia."

Nikaweka sikio karibu na kibodi. Tik, tik, kimya, tik. Diski ya kuzunguka, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, na mlio huo kila fundi anaujua: diski inakufa. Nikaizima palepale, nikamuuliza kama ana bakapu, yaani nakala ya akiba.

"Ninayo. Kijana mmoja alinielekeza, nimeweka yote kwenye D."

Sikujua nicheke au nilie. C na D kwenye laptopu nyingi ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, kabati ulilihamishia chumba gani?

Nitarudi kwa mwalimu. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu kama yeye: ana kompyuta moja nyumbani, hana fundi wa kumwita usiku, na anataka kuchagua programu ya kupiga imeji ya diski, yaani nakala ya diski nzima, asije akalia baadaye.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unahitaji imeji

Kunakili mafaili na kupiga imeji ni kazi mbili tofauti. Ukinakili, unapata picha zako na barua zako. Imeji inachukua diski nzima jinsi ilivyo: Windows, programu, ile draiva ya printa iliyokusumbua wiki nzima, na zile patisheni (vyumba vya diski) ndogo zisizoonekana ambazo kompyuta inazitegemea ili iwake. Diski ikifa, unafunga mpya, unarudisha imeji, na baada ya saa moja au mbili unaendelea ulipoishia. Bila imeji utapigiwa Windows upya, kisha uanze kutafuta programu moja moja.

Kama kompyuta yako ni ya kuangalia muvi na kuandika barua mbili tatu, usijisumbue na imeji. Nakili folda zako sehemu mbili, inatosha. Imeji ni ya yule ambaye akikaa siku mbili bila kompyuta anapata hasara: mweka hazina wa kikoba, mwalimu wakati wa kufunga matokeo, mwenye steshenari, mwanafunzi wa MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, anayemalizia ripoti yake.

Ukishaamua kwamba unaihitaji, angalia nafasi iliyotumika kwenye diski yako. Usihangaike na ukubwa wa diski yenyewe. Diski ya GB 256 iliyojaa GB 110 haitakupa imeji ya GB 256, kwa sababu programu nzuri inachukua sehemu zenye kitu tu na kuzibana. Ila usitegemee picha na video zibanwe zaidi, hizo zilishabanwa tangu kwenye simu.

Hatua ya pili: pa kuweka kwanza, programu baadaye

Watu wengi wanaanza kupakua programu, halafu ndio wanauliza waiweke wapi imeji. Geuza. Unahitaji diski ya nje, walau mara mbili ya nafasi uliyotumia, ili imeji mpya ikae pamoja na ya zamani.

Usinunue flashi ya "TB 2" inayouzwa bei ya chipsi mayai. Flashi za namna hiyo zimechezewa zidanganye ukubwa wake. Ukiichomeka, Windows inasoma TB 2, lakini ndani mna GB chache tu, na ukishapita hapo kila unachoandika kinapotea kimyakimya, bila onyo. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski data kisha inaisoma tena kuona kama vyote vipo. Inachukua muda, tena mrefu. Iache ifanye usiku, kabla hujaipa diski hiyo kitu chochote cha maana. Ukinunua iliyotumika, ipitishe pia CrystalDiskInfo uone afya yake. Ikitoa rangi ya njano, mrudishie mwenyewe.

Angalia pia diski imefomatiwa vipi. Nyingi za zamani huwa FAT32, ambayo haikubali faili moja linalozidi GB 4. Programu nyingine zinaikata imeji vipande zenyewe, nyingine zinagoma katikati ya kazi. Ifomati NTFS mapema, tatizo liishe.

Kuhusu kuhifadhi mtandaoni, piga hesabu kabla ya kununua bando. GB 110 kwa kasi ya kupandisha ya MB 1 kwa sekunde ni zaidi ya saa 30 mfululizo, na hiyo ni kama umeme na mtandao havijayumba. Mtandaoni weka folda ya nyaraka muhimu, imeji ibaki kwenye diski. Kwa diski ya nje kupitia tundu la USB 2.0, linalobeba kama MB 30 kwa sekunde, mzigo huohuo ni kama saa moja. Kwa USB 3.0, tundu ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, diski ya kawaida ya kuzunguka inaweza kumaliza chini ya nusu saa.

Hatua ya tatu: maswali ya kuiuliza programu

Hapa ndipo nilipoungulia mimi, acha nisimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza vitabu vya kikoba chetu kwenye laptopu. Nilikuwa na programu moja ya kulipia, nzuri kweli machoni, lakini yangu ilikuwa imekrakiwa, yaani imevunjwa kufuli ya leseni. Jamaa alinipa kwenye flashi. Kila Jumapili inapiga imeji, alama ya tiki ya kijani inatokea, nalala usingizi. Diski ikafa. Nikafunga mpya, nikaenda kwa rafiki yangu, nikapakua toleo la majaribio la programu ileile ili nirudishe. Likafungua imeji yangu vizuri tu. Likanionyesha folda, majina ya mafaili, mpaka tarehe. Nilipobonyeza kurudisha, likaniambia ninunue kwanza. Kadi ya kulipia mtandaoni wakati ule sikuwa nayo. Nikapita nyumba kwa nyumba pale mtaani kukusanya vitabu vya wanachama, nikaandika hesabu zote upya, hisa kwa hisa. Wiki tatu.

Tangu hapo sijali programu inahifadhi vizuri kiasi gani, maana karibu zote zinahifadhi. Swali langu la kwanza ni: siku kompyuta haiwaki kabisa, nitairudisha vipi, na kwa leseni ipi? Programu isiyoweza kujitengenezea flashi ya kuwashia kompyuta bila Windows haifai, hata iwe na rangi za upinde wa mvua. Na kama kurudisha kunadai leseni, basi leseni iwe yako halali na namba yake iandikwe kwenye daftari, isiwe ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Swali la pili: inaweza kuhakiki imeji baada ya kuipiga? Kuhakiki ni kuisoma yote upya na kulinganisha, ili ujue hakuna kipande kilichoharibika njiani. Waya mbovu wa USB unaweza kuharibu imeji bila kukuambia neno.

La tatu: naweza kuingia ndani ya imeji nikachukua faili moja? Ukweli ni kwamba mara tisa kati ya kumi hutahitaji diski nzima. Utahitaji barua moja uliyoifuta kwa bahati mbaya.

Swali la nne linahusu mnyororo. Programu zinazopiga bakapu kila siku hazirudii kila kitu. Zinapiga imeji kamili mara moja, kisha zinaongeza mabadiliko tu. Inaokoa nafasi sana. Lakini nyongeza ya Ijumaa inategemea ya Alhamisi, ya Alhamisi inategemea ya Jumatano, hadi kwenye ile kamili. Kipande kimoja kikioza, vyote vilivyokuja baada yake havina kazi. Kwa hiyo hakikisha programu inakuruhusu kuanza imeji kamili mpya kila baada ya muda, labda kila mwezi.

Na la mwisho: je, bado inatunzwa na walioitengeneza? Kwenye fani hii programu zinakufa. Norton Ghost, ambayo mafundi wa zamani waliiapia, iliondolewa sokoni 2013. Toleo la bure la Macrium Reflect, lililopendwa sana, lilifikia mwisho wa matunzo mwanzoni mwa 2024, sasa unalipia. Hata chombo cha imeji kilichomo ndani ya Windows kwenye Control Panel, kile kinachoandikwa "Windows 7" mpaka leo, Microsoft waliacha kukiendeleza tangu 2017. Bado kinafungua, na kuna siku kinafanya kazi, ila mimi siwezi kukitegemea peke yake.

Hatua ya nne: ninazotumia mimi

Kwa mtu wa nyumbani asiyetaka kulipa, nampa Rescuezilla. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haiingii ndani ya Windows kabisa: unawasha kompyuta kwa flashi yake, inakuletea skrini yenye vitufe vikubwa: Backup, Restore, Verify Image na vingine vichache. Imeji zake zinaelewana na za Clonezilla, na ndiyo sababu naipenda zaidi, maana hata Rescuezilla ikifa kesho, Clonezilla itazisoma.

Clonezilla yenyewe ni mama wa kazi. Haina urembo, ni maandishi meupe na ya bluu na maswali mengi, na ukijibu vibaya kwenye swali la "diski ipi ifutwe" hakuna wa kukuokoa. Ina mipaka inayojulikana pia: haipigi nyongeza, na kwa kawaida diski unayorudishia isiwe ndogo kuliko ile ya mwanzo. Usitoke kwenye diski ya GB 500 ukanunua SSD (diski isiyo na kitu cha kuzunguka) ya GB 240 ukitarajia iingie yenyewe. Itabidi kwanza upunguze patisheni, na hiyo ni somo jingine.

Zote mbili zinakutaka uache kazi uizime kompyuta. Kama unataka bakapu inayojipiga yenyewe huku unaendelea kuandika, tazama Veeam Agent kwa Windows, toleo la bure. Inapiga imeji Windows ikiwa inafanya kazi, inaongeza mabadiliko kwa ratiba, inakuruhusu kuchukua faili moja, na inatengeneza flashi ya uokoaji. Ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi kwa hiyo lugha yake ni ngumu kidogo mwanzoni, lakini ukishaipanga unaisahau.

Za kulipia kama Macrium na Acronis ni nzuri, sina ugomvi nazo. Zinasaidia hasa unapohamia kompyuta ya aina tofauti kabisa. Kama kipato kinaruhusu na kadi unayo, lipa. Za kukraki nimeshasema.

Hatua ya tano: tengeneza flashi na uiwashe, leo

Pakua programu uliyochagua kutoka kwa wenyewe, usichukue kwenye flashi ya jirani. Rescuezilla au Clonezilla iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia Rufus, programu ndogo ya kutengenezea flashi za kuwashia; Veeam inajitengenezea ya kwake. Flashi itafutwa yote, toa vitu vyako kwanza.

Kisha zima kompyuta na uiwashe kwa flashi hiyo. Kwenye Dell na Lenovo bonyeza F12 mara tu inapowaka, kwenye HP bonyeza Esc au F9. Ukiona menyu ya programu, angalia kama inaiona diski ya ndani na ile ya nje, zote mbili. Kuna laptopu ambazo diski ya ndani haionekani mpaka ubadilishe mpangilio fulani kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), na hilo ni bora ulijue leo umekaa na chai yako kuliko siku ya msiba.

Jambo moja linalowakamata wengi wenye Windows 11: laptopu mpya zinaweza kuwa zimefunga diski kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, bila mwenyewe kujua. Diski iliyofungwa hivyo, Clonezilla na Rescuezilla zinalazimika kuinakili yote, sehemu tupu na zenye kitu, na imeji inakuwa kubwa kama patisheni yenyewe. Tena ukibadilisha mambo kwenye BIOS inaweza kukudai ufunguo wenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo huo na uuandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Hatua ya sita: siku ya kupiga

Safisha kwanza. Toa muvi ulizoshaangalia, mwaga kapu la taka. Kisha zima Windows ukiwa umeshikilia Shift, ili izime kabisa. Kuzima kwa kawaida kunaiacha nusu macho, na programu ya imeji inaweza kukataa kuigusa.

Laptopu iwe na chaji ya kutosha na iwe kwenye umeme pia. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia UPS (betri ya akiba ya umeme), au subiri saa ambazo umeme kwenu hausumbui. Msimu wa mvua, mawingu yakianza kunguruma huko mlima Loleza, ahirisha. Imeji inayopigwa umeme ukakatika ni takataka, ifute uanze upya. Ndiyo maana imeji mpya ipewe jina jipya lenye tarehe na isiandikwe juu ya ile ya zamani kamwe. Ya zamani utaifuta mpya ikishahakikiwa.

Kama ulikuwa unajiandaa kutoka Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, piga imeji kabla ya kupandisha. Printa ikigoma kwenye Windows mpya, una pa kurudi.

Ikiisha, chomoa diski ya nje. Radi ikipita kwenye waya inakuta diski iko kabatini, na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia havina njia ya kuifikia. Bakapu iliyochomekwa mwaka mzima itafungwa pamoja na kompyuta.

Hatua ya saba: rudisha kitu

Hakiki imeji kwa Verify. Halafu chukua faili moja kutoka ndani yake, lifungue, lisome. Kama una diski ya zamani kabatini yenye ukubwa wa kutosha, fanya jaribio lenyewe hasa: toa diski ya kompyuta, weka ya zamani, rudisha imeji juu yake, uone kama Windows inawaka. Itakuchukua jioni nzima, na kuna watakaoona ni kazi ya bure. Mimi nafanya mara moja kwa mwaka, na mwaka juzi ndipo nilipogundua waya wangu wa USB ni mbovu.

Nakala ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Tulioona soko la SIDO hapa Mbeya likiungua mwaka 2017 hatuna haja ya kuelezwa sababu. Ya kwangu inaishi Tukuyu kwa shangazi, na tunabadilishana: nikienda napeleka mpya, narudi na ya zamani na mkungu wa ndizi. Tukuyu mvua hazina mwisho na unyevu unaingia mpaka kwenye chumvi, kwa hiyo diski inakaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Diski ikisafiri kwenye baridi, ukifika iache nusu saa ipate joto la ndani kabla ya kuichomeka, isije ikatoa jasho ikiwa inazunguka.

Mwalimu sasa. Diski inayotoa mlio haipigwi imeji kwa programu ya kawaida, maana inang'ang'ania sehemu mbovu mpaka inaimaliza. Nilitumia ddrescue, ambayo inachukua kwanza sehemu ambazo bado ni nzima halafu inarudi taratibu kwenye zilizoharibika, na hata hivyo ni bahati. Ingekuwa na vitu vya thamani kubwa ningemshauri asiiwashe tena, aipeleke kwa wanaofungua diski kwa vifaa maalumu. Kesho yake asubuhi tulikuwa na nyaraka zake karibu zote. Folda ya picha za harusi ya binti yake haikufunguka.

Wiki iliyofuata alirudi na SSD mpya na diski mbili za nje. Tukapiga Windows, tukapanga, tukapiga imeji kwa Veeam. Nikamwonyesha jinsi ya kurudisha. Akavaa miwani, akafuta kwa makusudi orodha ya michango ya kanisa, akamwaga na kapu la taka, moyo wangu ukaruka. Kisha akafungua imeji, akaitafuta taratibu kwa kidole kimoja, akairudisha, akaifungua na kuhesabu mistari.

"Ishirini na tisa," akasema. "Ipo yote." Akachukua kalamu yangu, akaandika tarehe kwenye kipande cha plasta, akakibandika juu ya diski.